Gotu kola kwa miguu inayovimba: unga wa Kariakoo na kapsuli za famasi

Kwa miaka 26 nimefundisha Baiolojia katika shule za sekondari za Dar es Salaam, na kazi hiyo, kwa jinsi ninavyoifanya mimi, ni kazi ya kusimama. Jioni ninaposhuka mwendokasi pale Kimara, viatu nilivyovivaa asubuhi bila taabu huwa vimebana kama vya mtoto, na nikibonyeza kidole juu ya kifundo cha mguu, shimo hubaki. Mwaka jana nilipimwa kwa altrasaundi nikaambiwa kwamba vali za vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, katika mguu wa kushoto zimelegea, kwamba moyo na figo havina tatizo, na kwamba tiba ya kwanza ni soksi za kubana zinazovaliwa alfajiri kabla mguu haujakanyaga chini. Soksi nilizinunua. Atakayenilaumu kwa kutozivaa kila siku naye azivae mwezi wa Februari, saa nane mchana, katika darasa la bati lenye wanafunzi 70, halafu tuzungumze.

Kwa hiyo nilianza kutafuta kitu kingine cha kusaidiana na soksi, na kila niliyemuuliza alikuwa na mti wake. Jina lililojirudia zaidi, kwa wauza dawa za asili na kwa wauza virutubisho pia, lilikuwa gotu kola. Nimeinunua kwa sura mbili, unga na kapsuli, katika maduka mawili yasiyofanana hata kidogo, na tathmini hii ni ya bidhaa hizo mbili pamoja na namna nilivyouziwa.

Unga niliupata Kariakoo, katika duka la dawa za asili lililo hatua chache kutoka Mtaa wa Msimbazi. Kijana aliyekuwa kaunta aliniamkia vizuri, akanitazama miguu kabla sijasema neno, akavuta pakiti kutoka rafu ya juu. "Hii, mama, inazibua mishipa yote," alisema. Nilipomuuliza inaizibua kwa namna gani, alihamia kwenye presha, kutoka presha akaenda kwenye sukari, kutoka sukari akafika kwenye ganzi, kumbukumbu na uzazi, na sidhani kama angesimama iwapo mteja mwingine asingeingia. Dawa inayotibu kila kitu humfanya mwalimu wa Baiolojia autafute mlango, lakini nilikuwa nimetoka mbali na jua lilikuwa kali. Nililipa shilingi 10,000 kwa gramu 100. Risiti haikutolewa. Pakiti ilikuwa na picha ya jani, maneno "husafisha damu", na maelekezo ya kijiko kimoja kutwa mara tatu, bila kusema kijiko kipi. Haikuwa na tarehe ya kutengenezwa, namba ya usajili, wala jina la mmea kwa Kilatini, ambalo ndilo jina pekee linalomhakikishia mnunuzi kuwa anachopewa ndicho anachokitaka.

Jina hilo ni Centella asiatica, na umuhimu wake si wa kitaaluma tu. Neno "kola" hapa halihusiani na kokwa za kola za Afrika Magharibi, zile zenye kafeini. Ni Kisinhala cha Sri Lanka, na maana yake ni jani. Mtu anayeuziwa "kola" akidhani atachangamka, au anayeikimbia akidhani itamnyima usingizi, amechanganya mimea miwili isiyo na undugu. Tena huko India jina "brahmi" hutumika kwa Centella na pia kwa mmea mwingine kabisa uitwao Bacopa monnieri, na bidhaa zenye jina hilo hufika hadi kwenye maduka yetu. Mwuzaji asiyeweza kuonyesha jina la Kilatini hana namna ya kujua ameagiza upi kati ya hiyo miwili, na mnunuzi hana namna ya kumbana.

Nilirudi nyumbani na unga wangu, na kesho yake nikaupeleka maabara ya shule. Sitaki kukuza jambo, kwa kuwa maabara ile ina darubini nne, mbili zikiwa nzima, na si maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Hata hivyo kuna mambo ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuyaona. Nilikoroga kijiko cha unga ndani ya maji ya vuguvugu na kuuacha utulie, na baada ya robo saa palikuwa na mchanga chini ya kopo, mchanga hasa, unaosikika ukiugusa kwa kijiko. Kisha nilidondosha iodini. Jani lolote la kijani lina wanga kidogo, hivyo nilitarajia rangi ibadilike kwa kiasi, lakini mchanganyiko ule uligeuka mweusi wa bluu mara moja, kama tunavyoonyesha darasani kwa unga wa muhogo. Chini ya darubini chembe za wanga zilikuwa nyingi kuliko vipande vya jani. Jaribio la mwisho lilikuwa la povu: viambato vinavyotafutwa katika gotu kola ni vya jamii ya saponini, na saponini zikitikiswa na maji hutoa povu linalokaa. Povu la unga huu lilikufa kabla sijaiweka chupa mezani. Majaribio hayo hayathibitishi ni kitu gani kilichochanganywa humo, lakini yalitosha kwangu. Nilikuwa nimeshakunywa vijiko viwili kabla ya kupima, na ladha niliyoiona ilikuwa ya majani makavu yaliyokaa ghalani muda mrefu. Unga uliobaki niliumwaga kwenye shina la mpapai.

Inasikitisha, kwa sababu mmea wenyewe hauna sababu ya kughushiwa. Si mti wa nadra. Ni magugu yanayotambaa chini, yenye majani ya duara yaliyobonyea upande mmoja mfano wa figo, kila jani juu ya kikonyo chake, na shina jembamba linalotoa mizizi kila linapogusa udongo wenye unyevu. Huota Asia yote ya joto, Madagascar, na hapa kwetu Afrika Mashariki pia. Nimeyakanyaga mara nyingi kando ya mifereji huko Lushoto kabla sijajua kuwa kuna watu wanaoyauza kwa gramu. Huko Sri Lanka ni mboga: hukatwakatwa na kuchanganywa na nazi iliyokunwa, kitunguu, pilipili na ndimu, chakula ambacho mpishi yeyote wa pwani yetu angekielewa bila kuelezwa, au husagwa na kupikwa katika uji wa mchele wenye tui la nazi, ukanywewa asubuhi.

Safari yake ya kuwa dawa ya kisasa ilipita Madagascar, ambako huitwa talapetraka na ambako mpaka leo hukusanywa porini kwa wingi kwa ajili ya kusafirishwa nje. Kiambato chake kikuu, asiatikosidi, kilitenganishwa mwaka 1941 kutoka kwenye mimea ya kisiwa hicho, na baadaye watafiti, akiwamo Albert Rakoto Ratsimamanga wa Madagascar, walikichunguza kwa ajili ya vidonda, vikiwemo vya ukoma. Kutoka hapo ikatengenezwa dawa ya kupaka iitwayo Madécassol, ambayo Wafaransa wanaijua kama sisi tunavyoijua dawa yoyote ya vidonda iliyo kabatini. Nayaeleza haya kwa kuwa yanaonyesha mahali ambapo mmea huu ulijipatia heshima yake: katika ngozi, makovu na tishu zinazoshikilia mwili pamoja. Habari ya mishipa ilifuata kwa hoja kwamba ukuta wa vena nao umejengwa kwa tishu za namna hiyo.

Hoja hiyo inahitaji maelezo kidogo, kwa sababu maneno "kuzibua mishipa" yanayotamkwa kaunta yanapotosha. Damu inayorudi kutoka miguuni hupanda kinyume cha uzito wake. Inasukumwa na misuli ya shavu la mguu kila tunapopiga hatua, na vali ndani ya vena huizuia isirudi chini. Vali zikilegea, au mtu akisimama saa nyingi bila kutembea, damu hurundikana, shinikizo hupanda, ukuta wa vena hutanuka, na maji huvuja kutoka kwenye kapilari, mishipa midogo kabisa ya damu, kuingia katika tishu zinazozunguka. Huo ndio uvimbe wa jioni. Hakuna kilichoziba hapo, hivyo hakuna cha kuzibua. Shida ni kwamba bomba limelegea na linavuja. Kinachodaiwa kwa gotu kola na watu wanaozungumza kwa uangalifu ni kwamba triterpeni zake, yaani asiatikosidi, madekasosidi na asidi zake mbili, huathiri utengenezaji wa kolajeni, protini inayozipa tishu uimara, na kupunguza uvujaji wa kapilari. Vali iliyokufa haifufuki kwa dawa hiyo.

Ushahidi upo, ingawa ni mdogo na umezeeka. Utafiti unaotajwa zaidi ulichapishwa mwaka 1987 katika jarida la Angiology: wagonjwa 94 wenye udhaifu wa vena za miguu waligawanywa katika makundi matatu kwa muda wa miezi 2, kundi moja likipewa miligramu 120 za triterpeni kwa siku, jingine miligramu 60, na la tatu dawa bandia, yaani kidonge kisicho na kiambato, cha kulinganishia tu. Waliopewa dawa halisi walipata nafuu ya uzito wa miguu na uvimbe. Waliopewa bandia hawakupata. Mwaka 2013 mapitio ya tafiti 8 yalionyesha mwelekeo huohuo, lakini waandishi wake waliomba matokeo yachukuliwe kwa tahadhari kwa kuwa tafiti nyingi hazikuripotiwa kikamilifu. Mimi nayasoma hivi: kuna kitu, si kikubwa, na kinategemea kiasi cha triterpeni kinachoingia mwilini.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyoongoza ununuzi wangu wa pili. Sikutafuta tena duka lenye sifa, nilitafuta lebo yenye namba. Niliipata katika famasi moja ya Upanga, chumba kidogo chenye feni inayolia, ambacho nilikuwa nimekipita miaka mingi bila kuingia. Rafuni palikuwa na chupa mbili za gotu kola kutoka kwa watengenezaji wawili wa nje. Ya kwanza, shilingi 38,000, ilisema tu kwamba kila kapsuli ina unga wa jani, bila kutaja triterpeni. Ya pili, shilingi 65,000 kwa kapsuli 60, ilitaja jina la Kilatini, namba ya toleo, tarehe ya kuisha muda wake, na kwamba kila kapsuli ina miligramu 300 za kiini chenye asilimia 10 ya triterpeni. Hesabu ni ya darasa la sita: miligramu 30 kwa kapsuli, kapsuli mbili kwa siku, jumla miligramu 60, yaani kiwango cha chini cha ule utafiti wa mwaka 1987. Chupa ya bei nafuu haikunipa hesabu yoyote ya kufanya, kwa kuwa kiasi cha triterpeni katika jani kavu hutofautiana sana kulingana na mahali ulipoota mmea na namna ulivyokaushwa.

Huduma ya pale ndiyo sehemu ninayoisifu bila kusita. Mfamasia, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, hakunipa chupa mpaka alipouliza maswali yake. Je, mguu mmoja ndio unaovimba au yote miwili? Umeanza lini? Unatumia dawa gani nyingine? Umewahi kuugua ini? Unatumia dawa za usingizi? Nilipomjibu kwamba nimeshapimwa, aliomba kuona cheti, akakisoma, ndipo akaniambia, "Mwalimu, hii haichukui nafasi ya soksi. Uitumie wiki sita, upumzike, na ukiona macho yanageuka manjano au mkojo unakuwa kama chai ya rangi, uache siku hiyohiyo uende hospitali." Risiti aliitoa bila kuombwa. Alinionyesha pia kwamba lebo inajiita kirutubisho na si dawa, jambo ambalo wanunuzi wengi hawalitilii maanani. Tangu mwaka 2019, shughuli za usimamizi wa chakula zilipohamishiwa Shirika la Viwango Tanzania na iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) ikawa TMDA inayoshughulikia dawa na vifaa tiba, neno moja kwenye lebo linaweza kubadilisha kabisa ni nani anayeikagua bidhaa na kwa kipimo gani. Dawa za waganga wetu nazo zina sheria yake, Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, pamoja na Baraza lake. Pakiti yangu ya Kariakoo haikuwa na dalili ya kupita mlango wowote kati ya hiyo.

Nilifungua kapsuli moja na kuipima kama nilivyoupima unga. Rangi ilikuwa ya kahawia iliyofifia, si kijani, jambo la kawaida kwa kiini kilichokamuliwa. Hapakuwa na mchanga. Iodini haikubadilisha rangi kwa kiasi cha kushtua. Na povu lilikaa mpaka kengele ya kipindi ikalia. Hilo nalo halithibitishi asilimia 10 iliyoandikwa, linaonyesha tu kwamba saponini zimo.

Nilianza katikati ya Mei. Kila jioni saa moja, kabla ya kuinua miguu, nilipima mzunguko wa kifundo cha kushoto kwa utepe wa fundi cherehani, mahali palepale nilipopaweka alama ya kalamu, na kuandika. Siku ya kwanza ilikuwa sentimita 27.4. Wiki mbili za mwanzo namba ilicheza juu na chini bila maana, na nilipata kichefuchefu siku mbili nilizomeza kapsuli kabla ya kula. Nilipoanza kuimeza baada ya chai na vitumbua, kikaisha. Wiki ya nne nilianza kuona kwamba ule uzito wa jioni, ambao ni kama mtu amekufunga mfuko wa mchanga kila mguu, unachelewa kufika. Mwisho wa wiki ya sita kipimo kilikuwa sentimita 26.5, na kwa siku nyingi za wiki hiyo viatu vilitoka mguuni bila mimi kukaa kitandani kuvivuta.

Kama ningekuwa mwuzaji ningeishia hapo. Lakini katika wiki hizo sita shule ilifungwa kwa likizo ya Juni, na kwa muda wote wa likizo sikusimama hata saa tatu kwa siku. Pia masika yalikuwa yamekwisha na kipupwe kimeingia, na joto likipungua vena hujikaza na uvimbe hupungua hata bila dawa. Tena, kwa kuwa nilikuwa najipima kila siku, nilikuwa makini zaidi: nilitembea wakati wa mapumziko badala ya kukaa ofisini, na soksi nilizivaa siku nne kwa wiki kwa kuwa hali ya hewa iliruhusu. Nikigawanya ile milimita 9 kati ya likizo, kipupwe, kutembea, soksi na kapsuli, siwezi kusema kwa haki kapsuli zidai ngapi. Nilipoacha kuzitumia na shule ikafunguliwa Julai, kipimo kilipanda hadi sentimita 26.9 katika wiki tatu na kukaa hapo. Hilo linanishawishi kidogo kwamba zilikuwa na mchango, ingawa kufunguliwa kwa shule nako kungeweza kuleta matokeo hayohayo. Vena zilizojitokeza nyuma ya goti, zile zenye rangi ya bluu zinazojikunja kama mizizi ya mwembe, hazikubadilika hata chembe, na mtu asinunue kapsuli hizi kwa ajili ya urembo.

Kuna jambo moja linalonitia hofu zaidi kuliko fedha, nalo ni watu kununua gotu kola kabla ya kujua miguu yao inavimba kwa nini. Mwalimu mwenzangu, tunayekaa naye meza moja ofisini, aliinywa kwa mwezi mzima kwa sababu vifundo vyake vilikuwa vimejaa. Alipokwenda kliniki ya presha, daktari alitazama kadi yake, akaona anatumia amlodipini, dawa ya presha inayojulikana kwa kuvimbisha vifundo vya miguu, akambadilishia. Uvimbe ukaisha bila jani wala unga. Huyo alikuwa na bahati. Mwingine anaweza kuwa na moyo uliochoka au figo zilizoshindwa, ambazo nazo hujitangaza miguuni. Hapa pwani yapo pia matende, yanayoletwa na minyoo inayosambazwa na mbu, na nimesikia kwa masikio yangu duka la Kariakoo likiiuza gotu kola kwa ajili hiyo. Minyoo ina dawa zake, zile zinazogawiwa katika kampeni za umezaji dawa, na mgonjwa wa matende anahitaji pia kufundishwa namna ya kuutunza mguu. Mguu mmoja ukivimba ghafla, ukauma na kuwa wa moto, hasa baada ya safari ndefu ya basi, baada ya upasuaji au kujifungua, huenda damu imeganda katika vena za ndani. Siku hiyo duka la dawa za asili lipitwe, iendewe hospitali.

Habari ya ini nayo isichukuliwe kuwa ya kutishana. Mwaka 2005 madaktari wa Argentina waliripoti wanawake watatu waliopata manjano baada ya kutumia Centella kwa siku kati ya 20 na 60. Wote walipona walipoacha, na mmoja wao alipoirudia tatizo likarudi. Wagonjwa watatu ni wachache kwa mmea unaoliwa kama mboga na mamilioni ya watu, lakini ndiyo sababu ya ile kanuni ya wiki sita, na kwa mwenye historia ya homa ya ini ni sababu tosha ya kuiacha kabisa. Nilipima ini baada ya wiki ya sita, likawa sawa. Wajawazito hushauriwa wasiitumie, na wenye kutumia dawa za usingizi waulize kwanza, kwa kuwa inaweza kuzidisha usingizi.

Wapo watakaosema kwamba nimepoteza fedha, kwamba jani bichi linatosha. Hawajakosea sana. Shirika la Afya Duniani, katika kitabu chake cha dawa za mimea cha mwaka 1999, limetaja kiasi cha gramu 0.33 hadi 0.68 za jani kavu mara tatu kwa siku, kiasi ambacho bustani ya kopo mbili tatu uani ingeweza kukitoa. Mwenye udongo safi na maji safi na apande. Mimi nimeleta vipando kutoka Lushoto na vimeshika. Ila asiende kuchuma yaliyoota kwenye mitaro au bonde la Mto Msimbazi kwa kuwa tu ni ya bure. Mmea huu una tabia ya kufyonza metali nzito kutoka kwenye udongo, na kinachopita katika bonde lile tunakijua sote.

Kuhusu fedha, wiki sita zilinigharimu chupa mbili, shilingi 130,000, na kapsuli 36 zimebaki. Jozi ya soksi nzuri za kubana niliinunua kwa shilingi 85,000, na kwa kufuliwa vizuri inadumu kama miezi sita. Kwa anayelazimika kuchagua kimoja, soksi zina ushahidi mkubwa zaidi na bei ndogo zaidi kwa siku, ubaya wake ukiwa ni joto tu. Unga wa Kariakoo naupa alama sifuri, na sifuri hiyo ni ya mchanga na wanga, si ya mmea. Kapsuli za Upanga nazipa alama tatu kati ya tano: moja kwa lebo inayohesabika, moja kwa nafuu niliyoiona hata kama sijui ni yao kiasi gani, na moja kwa yule mfamasia, ambayo kwa haki si ya kapsuli. Nitazirudia mara moja, zile 36 pamoja na chupa moja ya nyongeza, mwezi wa Januari shule zitakapofunguliwa na kaskazi ikiwa imeshika, bila likizo katikati, nione utepe wa fundi utasema nini wakati huo.